Nyama ya Ng'ombe kwa Mbabula: Nje Kahawia, Ndani Laini na Salama



Ng'ombe wetu wengi wanatembea sana na kula nyasi za pori. Nyama yao iko na ladha nzuri, lakini ni ngumu kuliko ya ng'ombe anayefungiwa na kulishwa. Ndiyo sababu hapa Tenke nyumba nyingi zinaichemsha muda mrefu, kisha tunaikula na bukari na sombe. Hiyo si vibaya. Lakini kipande kizuri kinaweza kuiva kwa dakika kumi na tano, na makala kidogo.

Shida tunayoiona ni hii: anayetaka nyama laini anaiacha mbichi ndani, anayeogopa ugonjwa anaichoma mpaka inakuwa kama kiatu. Somo hili linaonyesha namna ya kupata vyote viwili. Siri njo kugawa moto.

1. Kuchagua kipande

Nyama ya mguu na ya shingo inafanya kazi nyingi, kwa hiyo iache kwa sufuria. Ya kuchoma ni ya mgongoni, ile wachinjaji wanaita filé, na iliyo karibu nayo. Omba wakate kipande chenye unene wa vidole viwili, karibu sentimita 3. Kipande chembamba kinakauka ndani mbele nje haijapata rangi.

Kama nyama ni ngumu, ipake maji meupe ya papai bichi, nusu saa tu. Papai linavunja nyuzi za nyama. Ukiiacha usiku mzima, itakuwa laini kupita kiasi, kama uji.

2. Kukausha

Maji njo adui wa rangi. Maji yanachemka kwa digri 100 na hayapiti hapo, lakini nyama inaanza kugeuka kahawia vizuri kwa digri 140 hivi. Ikiwa nje kuna maji, moto wako unafanya kazi ya kuyakausha kwanza, na nyama inachemka badala ya kuchomeka. Basi ifute kwa kitambaa safi. Chumvi utie dakika 40 mbele, ao palepale inapoenda kwa moto. Katikati ya hapo chumvi inavuta maji nje.

Rangi ya kahawia ndiyo inaleta harufu na ladha. Mfaransa Louis Camille Maillard alieleza jambo hilo mwaka 1912. Watu wengi wanasema kwamba rangi hiyo "inafunga" maji ndani. Si kweli, nyama inaendelea kutoa maji. Tunachoma kwa ajili ya ladha.

3. Moto wa pande mbili

Washa makala mpaka yafunikwe na jivu jeupe. Kisha yasukume yote upande mmoja wa mbabula. Sasa una upande mkali na upande wa polepole.

- Paka nyama mafuta kidogo. Iweke upande mkali, kwa wavu ao kwa kikaango kizito kilichopata moto sana.
- Acha dakika 2 bila kuigusa. Ikishika rangi itajiachia yenyewe. Geuza, dakika 2 tena.
- Isogeze upande wa polepole, funika na kifuniko cha sufuria, dakika 8 mpaka 10. Geuza mara moja.
- Kata kidogo katikati. Ndani isiwe nyekundu, na maji yanayotoka yawe meupe.
- Iweke kwa sahani safi dakika 5, isipotee maji yote kwa kisu. Kisha ikate kwa kukatiza nyuzi. Hapo hata nyama ngumu inatafunika.

4. Kwa nini tusiile nyekundu?

Katika hoteli za Ulaya wanakula nyama nyekundu ndani, kwa sababu mganga wa mifugo ameipima. Nyama nyingi ya hapa haikupimwa. Ng'ombe anaweza kubeba vifuko vya tegu, vinavyoonekana kama punje nyeupe za mchele katika nyama. Ukiona punje hizo, usinunue. Moto ukifika mpaka katikati, tegu anakufa. Nyama ya kusagwa iive kabisa, bila rangi nyekundu.

Sahani na kisu vilivyogusa nyama mbichi visiguse nyama iliyoiva mbele ya kuoshwa na sabuni.

Lakini moto hausafishi kila kitu. Ng'ombe aliyejifia mwenyewe, hasa aliyetoka damu kwa pua ao kwa mkundu, anaweza kuwa na kimeta. Usimpasue, usimle, usimuuze. Ita mganga wa mifugo.

Na mbabula isiingie ndani ya nyumba iliyofungwa. Makala yanatoa gazi isiyo na harufu, inayoua watu wakiwa usingizini. Pika nje, ao dirisha na mlango viwe wazi.

Ya kuzungumza katika kikundi

- Nani anachinja kwetu, na nani anapima nyama?
- Kuchemsha mguu mzima na kuchoma kipande cha mgongo: kila mmoja unatumia makala kiasi gani? Pimeni, muandike.
- Kipande gani kikiuzwa peke yake kinaweza kuongeza faida ya koperativi?