Ubongo Mbele ya Uso: Je, Uso ni Kitu Kama Vitu Vingine?

Utangulizi

Katika jamii zetu, anayempita jirani njiani bila kumwamkia huhukumiwa papo hapo: ana maringo au ana kinyongo. Hukumu hiyo imejengwa juu ya dhana kwamba kila mwenye macho mazima hutambua nyuso. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba kuona ni jambo moja na kutambua uso ni jambo jingine. Aidha, yatachunguza swali ambalo limewagawanya wataalamu: je, uso una mahali pake maalumu katika ubongo, au ni kitu tu tulichokizoea kuliko vingine?

Ithibati kutoka kwa wagonjwa

Mwaka 1947, daktari Mjerumani Joachim Bodamer alieleza habari za wagonjwa walioumia ubongo ambao waliona vizuri, lakini hawakuweza kuwatambua kwa sura watu waliowafahamu. Hali hiyo aliipa jina la prosopagnosia, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya uso na kutojua. Hapa tutaiita upofu wa nyuso. Mwenye hali hii huona macho, pua na mdomo, asichokipata ni jibu la swali, "Huyu ni nani?" Jibu hilo hulitafuta katika sauti, mwendo au mavazi.

Huenda msomaji akapinga kwamba nyuso zinafanana mno, hivyo ubongo uliodhoofika hushindwa kwanza na kazi iliyo ngumu zaidi. Hoja hiyo ilipata jibu mwaka 1997, pale Morris Moscovitch na wenzake nchini Kanada walipomweleza mgonjwa wa namna ya kinyume. Huyu alishindwa kutambua vitu vya kawaida, ilhali nyuso alizitambua barabara. Alipoonyeshwa picha za Arcimboldo, mchoraji Mwitaliano aliyeunda nyuso kwa matunda na mboga, aliuona uso lakini hakuyatambua matunda. Ikiwa mmoja hupoteza nyuso na kubaki na vitu, na mwingine hupoteza vitu na kubaki na nyuso, basi njia mbili hizo hazitegemeani kikamilifu.

Ithibati kutoka kwa watu wenye afya

Mnamo 1969, Robert Yin alibaini kwamba picha ikipinduliwa juu chini, vitu kama nyumba huwa vigumu kidogo kutambulika, lakini nyuso huwa vigumu zaidi sana. Yaelekea uso husomwa kwa ujumla wake, kwa uhusiano wa sehemu zake, wala si sehemu moja moja.

Mwaka 1997, Nancy Kanwisher na wenzake nchini Marekani walitumia mtambo wa sumaku unaopima mabadiliko ya damu katika ubongo. Kati ya watu 15 waliopimwa, 12 walionyesha eneo dogo upande wa chini wa ubongo, kulia, lililoitika kwa nyuso kuliko kwa vitu vingine. Mwitiko wenyewe ni wa haraka: mawimbi ya umeme ya ubongo hutofautisha uso na kitu kwa takriban milisekunde 170.

Mjadala: maumbile au mazoea?

Isabel Gauthier na wenzake hawakuridhika. Mwaka 1999 waliwazoeza watu kutofautisha viumbe wa kubuni waliochorwa kwa kompyuta, na eneo lile lile likaanza kuwaitikia zaidi. Mwaka 2000 waliona dalili kama hizo kwa wajuzi wa magari na wajuzi wa ndege wa porini. Kwao, eneo hilo ni la ujuzi, si la nyuso pekee.

Hata hivyo, kuna ushahidi unaopingana nao. Mwaka 1993, Jane McNeil na Elizabeth Warrington wa Uingereza walimweleza mwanamume aliyepoteza uwezo wa kutambua nyuso za watu baada ya kiharusi. Baadaye alifuga kondoo, akajifunza kuwatofautisha kwa sura zao. Ujuzi mpya aliupata. Nyuso za watu hazikumrudia. Isitoshe, mwaka 2006 Doris Tsao na wenzake walipima seli za eneo kama hilo katika ubongo wa tumbili, wakakuta kwamba asilimia 97 ya seli zilizoitikia picha ziliegemea nyuso.

Hitimisho

Mjadala haujafungwa, kwani mazoea nayo yana nafasi yake. Hata hivyo, ithibati zilizotajwa zinaonyesha kwamba ubongo hauupokei uso kama unavyopokea kiti au sufuria. Wapo wanaozaliwa na upofu wa nyuso bila kuumia popote. Hata daktari na mwandishi mashuhuri Oliver Sacks alikuwa nao. Kwa hiyo, anayetupita kimya huenda hana kiburi chochote. Tumwamkie sisi kwanza, tena tumtajie jina letu. Sauti yaweza kumfikishia kile ambacho uso umeshindwa kumwambia.