MASHINI YA MBAO INASEMA KABLA YA KUUMA

Ndugu mfanyakazi wa atelie ya mbao,

Mgonjwa akija hospitalini, mganga hampi dawa mlangoni. Kwanza anamwuliza, anamtazama, anasikiliza kifua chake. Mashini nayo ina dalili zake: sauti, harufu, moshi, mtetemo. Hata fundi wa miaka mingi hukatika vidole, kwa sababu ameona dalili akasema: « Nimalize kwanza ubao huu. » Kisha akasukuma kwa nguvu. Dalili ya mvua ni mawingu.

Kabla ya kugusa

Zima mashini. Ngoja msumeno usimame wenyewe; usiushike kwa kipande cha mti ili usimame upesi. Kisha kata umeme kwenye swichi kubwa, uifunge, na ufunguo ukae mfukoni mwako. Msumeno uliozimwa bado unazunguka, na mwenzako asiyekuona anaweza kuwasha.

Dalili na sababu zake

1. Ubao unaungua, unatoa moshi. Meno yamekuwa butu au yameshikwa na utomvu. Noa meno, safisha utomvu. Kama bado unaungua, pima chuma cha kuongoza ubao: labda hakiko sambamba na msumeno.

2. Ubao unarushwa nyuma kukuelekea. Hii ndiyo hatari kubwa. Ubao umeubana msumeno. Tazama nyuma ya msumeno: je, kile kisu kisicho na meno kipo? Kazi yake ni kuzuia mpasuko usijifunge. Kisiwe mbali na meno kupita milimita 8. Mbao mbichi au zilizopinda nazo hubana. Usisimame nyuma ya msumeno kwa mstari mmoja nao, simama kando. Ukibakiza sentimita 30 za mwisho, sukuma kwa fimbo, si kwa mkono.

3. Moteri inazunguka vizuri, lakini msumeno unachoka ndani ya mti. Mkanda umelegea au umeisha. Ukaze, au weka mwingine. Usitie nguvu ya mikono mahali pa nguvu ya mkanda.

4. Moteri inanguruma bila kuzunguka. Zima mara moja. Huenda waya mmoja kati ya mitatu ya umeme umekatika, na moteri itaungua. Hapa usijaribu kitu: mwite fundi wa umeme.

5. Mashini inatetemeka au inapiga kelele mpya. Kagua kama msumeno umepinda au una ufa, kama kuna unga wa mbao kati yake na vyuma vinavyoubana, au kama gololi za mhimili zimeisha. Msumeno wenye ufa haunolewi tena. Unatupwa.

6. Mashini ya randa inachimba mwisho wa ubao. Meza ya nyuma, ile inayopokea ubao, iko chini kupita visu. Ipandishe ilingane navyo. Ukiona mawimbi, kisu kimoja kimezidi kingine au unasukuma mbio.

Kifuniko ulichotoa ili utengeneze, kirudishe kabla ya kuwasha. Usivae glavu karibu na msumeno unaozunguka: ukinasa kitambaa unavuta mkono mzima.

Vumbi

Kidole kilichokatika kinaonekana siku ile ile, lakini vumbi linangoja miaka. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani lilihesabu vumbi la mbao kati ya vitu vinavyoleta saratani, hasa ya pua. Vumbi la muvula huwasha ngozi na kuleta kikohozi. Mashini ya kunyonya vumbi ikiziba, hiyo pia ni mashini mgonjwa: izibueni. Vaa kinga ya pua, na usipulize nguo kwa pampu ya hewa. Mama, nguo za kazi zisikung'utwe ndani ya nyumba. Na kama baba ana msumeno mdogo kwenye lupango, watoto wasicheze karibu nao, na umeme ukatwe kila kazi ikiisha.

Mtu akikatika kidole

Bonyeza kidonda kwa kitambaa safi, inua mkono juu, usiache kubonyeza. Tafuta kidole. Kifunge katika kitambaa safi chenye unyevu, kitie ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, kisha weka mfuko huo juu ya barafu yenye maji. Kidole chenyewe kisiguse barafu. Mgonjwa na kidole chake waende hospitalini pamoja, bila kukawia.

Ndugu, usione haya kumwambia shefu: « Mashini hii ni mgonjwa, nimeizima. » Ubao uliochelewa utakatwa kesho. Kidole hakioti tena.