Duka la Imamu Abu Hanifa: Somo juu ya Biashara ya Haki na Kibakiacho Nyuma ya Mtu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu, wengi katika sisi hushughulika na duka tangu alfajiri hata baada ya isha, na ukimwuliza mtu, "Wamkusanyia nani?" hukujibu, "Wanangu." Jibu hilo ni jema, kwani kuwaacha watoto na cha kuwatosha ni bora kuliko kuwaacha wakiomba watu. Lakini twaona kwa macho yetu: mzee afa, na kabla matanga hayajaanuliwa wanawe wateta juu ya funguo. Mwaka haupiti, duka limefungwa, na jina la mzee halitajwi illa penye deni. Basi yatupasa tujiulize: ni kitu gani cha mfanya biashara kibakiacho baada yake? Tumtazame mtu mmoja aliyekuwa mwenye duka na imamu pamoja.

Mtu huyo ni Nuuman bin Thabit, ajulikanaye kwa jina la Abu Hanifa. Alizaliwa Kufa, katika nchi ya Iraki, mwaka wa 80 wa Hijra (699), akafa Baghdad mwaka wa 150 (767). Biashara yake ilikuwa nguo za khazi, yaani sufu iliyochanganywa na hariri. Alisoma kwa Hammad bin Abi Sulaiman miaka 18, na Hammad alipokufa mwaka wa 120, yeye ndiye aliyeketi mahali pake kusomesha. Wala duka hakuliacha.

Jambo la kwanza: haki katika kununua na kuuza. Wasimulizi wa habari zake wasema kuwa alijiwa na mwanamke mwenye nguo ya hariri, akataka dirhamu 100. Imamu akamwambia kuwa nguo yake yastahili zaidi. Mwanamke akazidisha, na Imamu akamrudishia neno lile lile, hata bei ikafika 400, na mwanamke akadhani afanyiwa mzaha. Ikabidi aitwe mtu wa kuikadiria, na Imamu akainunua kwa 500. Tena alikuwa na mshirika wake, Hafs bin Abdurrahman, aliyempelekea bidhaa iliyokuwamo nguo yenye kasoro, akamwagiza ambainishie mnunuzi kasoro ile. Hafs akasahau, akauza, wala mnunuzi asijulikane ni nani. Imamu alipopata habari, alitoa sadaka thamani ya bidhaa ile yote. Tazameni, ndugu: kosa halikuwa lake, wala hapana aliyemdai. Lakini alijua kuwa fedha ya namna hiyo ikiingia sandukuni huchafua iliyotangulia.

Jambo la pili: matumizi ya faida. Imamu alikuwa akikusanya faida yake mwaka hata mwaka, kisha akiwanunulia wanavyuoni chakula na nguo na haja zao, na dinari zilizosalia akawapa, akiwataka wamshukuru Mungu wala wasimshukuru yeye. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwapo kijana fakiri, Yaakub, aitwaye Abu Yusuf. Mzazi wake alimkataza darsa, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na kitu. Imamu alipomkosa alimwulizia, akampa mfuko wa dirhamu 100, akamwambia ashike darsa. Na kila zilipokwisha alimwongeza, bila ya kungoja kuombwa.

Jambo la tatu: uongozi. Khalifa Abu Jaafar al-Mansur alimtaka awe kadhi, naye akakataa. Akafungwa gerezani, wala hakuligeuza neno lake. Aliyaweza hayo kwa sababu riziki yake ilitoka dukani mwake, haikutoka mkononi mwa mtawala. Alayeye kwa mkono wa mtu, ulimi wake ni wa mtu yule. Na juu ya heshima yote aliyokuwa nayo, aliwaachia wanafunzi wake wamkhalifu kwa hoja. Hata leo katika vitabu vya madhehebu yake rai zao zimeandikwa kando ya rai yake.

Sasa tazameni kilichobaki. Abu Yusuf, yule kijana fakiri, alikuwa kadhi mkuu wa dola, akamwandikia Khalifa Harun al-Rashid kitabu juu ya kharaji na uadilifu kwa raia. Muhammad bin al-Hasan al-Shaibani alimwahi Imamu katika ujana wake, kisha akakamilisha masomo kwa Abu Yusuf. Na kwa Muhammad huyo alisoma, huko Iraki, Imamu wetu al-Shafii, aliyezaliwa Ghaza mwaka ule ule wa 150 aliokufa Abu Hanifa. Basi sisi watu wa pwani, tuliosoma Fikihi ya Shafii tangu chuoni, tuna sehemu yetu katika faida ya duka lile la Kufa, na hali mwenye duka hatukupata kumwona.

Ndugu zangu, msiseme, "Yule alikuwa imamu, na sisi ni wauza nguo na samaki." Vitendo vile ni vya muuza nguo. Bainisha kasoro ya bidhaa yako kabla mnunuzi hajaiona. Andika deni lako na la mwenzio mbele ya mashahidi, kama tulivyoamrishwa katika Sura ya Bakara, ili wanao wasirithi ugomvi. Mwalimu wa chuo cha mtaani kwako, mpe haki yake bila kumngojesha. Na mtazame mtoto wa jirani aliyeacha kusoma kwa ufukara. Umpe kwa siri, tena usimngoje aombe.

Tumefundishwa kuwa amali ya mwanadamu hukatika afapo, illa katika mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu inayonufaisha, na mtoto mwema amwombeaye. Mwenye duka aweza kuyapata yote matatu, naye angali akipima na kuuza. Lakini ayaanze leo, maadamu funguo zimo mkononi mwake.

Mwenyezi Mungu atutakasie chumo letu, na atujaalie kuacha nyuma yetu lenye kheri. Amin.