Vimeng'enya: Mbegu Tunazo, Wachaguaji Wako Wapi?

Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Methali hii twaijua sote, lakini je, wajua kwamba mwaka 2018 kazi ya namna hiyo hiyo ilipata Tuzo ya Nobeli ya kemia? Hebu tufuatane polepole.

Kimeng'enya ni nini?

Chukua tonge la ugali mtupu, ulitafune muda mrefu bila kumeza. Utahisi utamu kidogo. Huo utamu umetoka wapi, na sukari hukutia? Mate yana kimeng'enya kinachokatakata wanga mpaka uwe sukari. Hata wimbi ukichipuzwa kupata kimea, mbegu hutoa vimeng'enya vya kazi hiyo hiyo. Kimeng'enya basi ni protini inayoharakisha kazi ya kikemia, na yenyewe haiishi.

Viwanda vyavitakia nini?

Viwanda vingi vya kemikali hutumia joto kali, shinikizo kubwa na metali nzito. Hayo yana gharama, na taka zake zisipotunzwa huishia mtoni, na mto ule ule ndio tunaochota maji. Kimeng'enya kwa kawaida hufanya kazi majini, kwa joto la wastani, na baadaye huoza. Tatizo ni kwamba kimezoea kwao. Ukikitia katika pipa lenye viyeyusho vikali, kinalemaa. Lazima kifunzwe.

Kinafunzwaje?

Profesa Frances Arnold wa Marekani alipata shahada ya uzamifu mwaka 1985 huko Berkeley, kisha akaendelea na utafiti kabla ya kuwa mhadhiri katika chuo cha Caltech. Hiyo ndiyo njia ya watafiti wengi: mtu ana shahada zote, lakini bado yuko maabara akipigwa msasa.

Mwanzoni alijaribu kubuni vimeng'enya kwa kufikiri tu: badilisha hapa, badilisha pale. Wapi! Kimeng'enya ni mnyororo wa mamia ya pingili, na pingili zenyewe ni za aina 20. Akili ya mtu haitoshi. Basi akafuata njia ya mkulima, ambaye hachunguzi jeni za mahindi. Huchagua hindi bora, akalipanda msimu ujao. Hatua zake ni hizi:

1. Chukua jeni ya kimeng'enya, uibadilishe kwa kubahatisha.
2. Tia jeni hizo ndani ya bakteria, kila mmoja atengeneze kimeng'enya chake.
3. Wapime. Arnold aliwaweka katika sahani zenye protini ya maziwa na kiyeyusho kiitwacho DMF. Penye kimeng'enya hodari, protini ilikatwa pakabaki duara angavu.
4. Chagua aliye bora, kisha urudie tangu mwanzo.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1993. Katika kizazi cha tatu tu, alipata kimeng'enya kilichofanya kazi mara 256 zaidi ya kile cha kwanza ndani ya DMF!

Faida yake kiwandani

Dawa ya kisukari iitwayo sitagliptin ilikuwa ikitengenezwa kwa shinikizo kubwa na metali adimu ya rodiamu. Watafiti wa kampuni za Merck na Codexis walichagua kimeng'enya, raundi baada ya raundi, mpaka kikaweza kazi hiyo. Mwaka 2010 walieleza kuwa taka zilipungua kwa asilimia 19, na rodiamu haikuhitajika tena.

Yatuhusu nini?

Jameni, yatuhusu sana. Kila kazi ya aina hii huanza na mbegu, yaani kimeng'enya cha asili. Maziwa yetu ya Bonde la Ufa, kama Bogoria yenye chemchemi za maji moto na magadi, yana vijidudu ambavyo vimeng'enya vyao havitishwi na magadi wala joto. Vimeng'enya vya namna hiyo hufaa katika sabuni ya unga na kulainisha nguo za jinzi. Mwaka 2004, shirika letu la wanyamapori, KWS, lilidai sehemu ya faida kutoka kwa kampuni ya ng'ambo, likisema vijidudu vilitoka huku. Mwaka 2007 likatia sahihi mkataba na kampuni ya Novozymes ya Denmark ili utafiti ufanywe kwa makubaliano.

Mkataba ni jambo jema, lakini anayeuza mbegu tu hapati sawa na anayeipanda. Tukitaka kupanda wenyewe, ni lazima wapatikane kati yetu watakaovumilia maabara miaka mingi, wakipima sahani moja baada ya nyingine. Kwa hivyo, mwanafunzi mwenzangu, mwalimu wa baiolojia akitaja vimeng'enya, usisinzie. Mchagua mbegu huenda ni wewe.