Dar hadi Maskati: Soma Saa ya Tiketi Kabla ya Kufunga Mzigo

Ami yangu aliwahi kuachwa na ndege ya Maskati huku tiketi anayo mkononi. Iliandikwa 04:00. Yeye akasoma saa nne, akanywa chai kwa raha zake, akatoka. Alipofika uwanjani Dar es Salaam, ndege ilikwisha kuipita Pembe ya Afrika.

Masafa yenyewe hayatishi. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 4,000. Wazee wetu waliyakata kwa majahazi, kusi ikiwapeleka na kaskazi ikiwarudisha, wiki kadhaa baharini. Ndege ya abiria hukata kilomita 850 hivi kwa saa, kwa hiyo ukigawanya unapata saa tano kasoro. Mbona basi safari ya moja kwa moja huhesabiwa saa tano na robo hadi tano na nusu? Kwa sababu saa za tiketi huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho na kuisha inapoegeshwa tena. Humo mna kungoja zamu ya kuruka, kupanda juu, kushuka polepole, na njia za anga ambazo hazinyooki kama rula.

Jambo la pili ni tofauti ya saa. Oman wametutangulia kwa saa moja. Tuseme unaondoka Dar 16:00 na kusafiri saa tano na nusu. Saa yako ya mkononi itaonyesha 21:30, lakini ya ukutani Maskati ni 22:30, yaani saa nne na nusu usiku. Kurudi, ukiondoka 09:00 utatua Dar 13:30. Ukitazama tiketi tu utadhani kwenda ni saa sita na nusu na kurudi ni nne na nusu. Mwendo ni uleule. Kilichobadilika ni saa ya ukutani, maana tiketi huandika saa ya kila mji.

Kupata saa ya Kiswahili, toa sita; ikibaki kumi na tatu au zaidi, toa kumi na mbili tena. Ikiwa haitoshi kutoa, ongeza sita. 16:00 ni saa kumi jioni, 04:00 ni saa kumi alfajiri. Hatari zaidi ni saa za baada ya usiku wa manane. Tiketi ya 00:40 tarehe 15 ni usiku wa kuamkia tarehe 15, na kwa kuwa safari ya nje hutaka ufike saa tatu kabla, uwe uwanjani tarehe 14, saa tatu na dakika 40 usiku.

Anayekupokea mpe saa ya kutua ya Maskati, umwongezee saa moja ya pasipoti na mizigo.

Ami siku hizi huandika kwa kalamu juu ya tiketi: "Saa kumi alfajiri, kuamkia Ijumaa." Chai anainywa ndani ya ndege.