Nafsi ya Kwanza na Majonzi katika Siku Njema

Si nadra mwanafunzi kuandika kwamba Siku Njema (1996), riwaya ya Ken Walibora, imesimuliwa katika nafsi ya kwanza, kisha akaishia hapo. Swali lenye uzito ni hili: "mimi" anayesimulia ni yupi?

Ndani ya nafsi hiyo mna Kongowea wawili: mtoto wa Tanga anayefiwa na mamake, Zainabu Makame, na mtu mzima anayekumbuka. Mtoto huumia asielewe yote. Mtu mzima anajua safari ya kwenda Kenya kumtafuta baba ilivyokwisha, ila anaizuia habari hiyo, nasi tukaomboleza kwa mwendo wa mtoto. Hata anwani, iliyomegwa kutoka kwa methali siku njema huonekana asubuhi, inageuka kejeli, kwani asubuhi ya mhusika huyu ni kilio.

Mtazamo huu, hata hivyo, una mipaka. Zainabu ni mwimbaji wa taarabu. Umma umeisikia sauti yake, ilhali majonzi yake mwenyewe twayapata kupitia kwa mwanawe tu. Katika Rosa Mistika (1971), Euphrase Kezilahabi alitumia msimulizi wa nafsi ya tatu, asiyefungwa na macho ya mhusika mmoja. Walibora amemnyima Kongowea uhuru huo. Je, ni udhaifu? La hasha. Mfiwa hayajui yote aliyoyabeba marehemu, na yatima huyu, pamoja na mama, amempoteza mtu wa karibu zaidi wa kumwuliza habari za baba.