SOMO LA JAMAA: MAVAZI YA MABINTI WETU, YENYE HESHIMA NA YA KUPENDEZA

Mafungu ya kusoma: Mwanzo 3:7 na 21, 1 Samweli 2:18-19, 2 Samweli 13:1-22, Mezali 31:21-24, Matayo 5:27-29, Matendo 9:36-42, 1 Timoteo 2:9-10, Yakobo 2:1-4.



Somo hili ni la jamaa nzima. Tunaomba lisomwe nyumbani jioni, baba na mama wakiwepo, na binti naye apewe nafasi ya kusema. Kama ni mama peke yake anayesoma na binti anayenyamaza tu, somo halitazaa matunda.

1. SHIDA YENYEWE

Siku ya Mungu hatuna shida kubwa. Kila mtu anajua vazi la ibada: binti anafunika kichwa, anavaa sare ya kanisa, anaingia kuimba. Shuleni pia hakuna mabishano, kwa maana sare ya Kongo ni moja toka Goma mpaka Kinshasa, blauzi nyeupe na jipe ya buluu. Shida inaanza katika siku zinazobaki: binti anapokwenda soko la Virunga, anapoalikwa harusi, anapokwenda kumsalimia shangazi yake Himbi ao Katoyi.

Mama anasema: "Jifunike, mtoto wangu." Binti anajibu, ao anajibu moyoni tu: "Nikivaa hivyo wenzangu watanicheka." Wote wawili wanasema kweli. Mama anaona hatari ambazo binti hajaziona. Binti naye ana miaka 14 ao 16, na katika umri huo kuchekwa na wenzako ni uchungu wa kweli, si mchezo.

Pale ambapo hawakusikilizana, mambo mawili hutokea. La kwanza, binti anatoka nyumbani na nguo moja mwilini na nyingine ndani ya sakoshi, njiani anabadilisha. Amejifunza kusema uongo kwa sababu ya kitambaa. La pili ni baya zaidi. Anatokea mwanaume mwenye feza, anamwahidia robe na viatu. Mtu wa namna hiyo hatoi bure. Binti ambaye nyumbani hakupata hata nguo moja ya kumfurahisha ni mwepesi kudanganywa na zawadi kama hiyo. Kwa hiyo, wazazi, tusiseme nguo ni jambo dogo. Vazi zuri la heshima lililotoka mkononi mwa baba na mama ni ukuta unaomlinda mtoto.

2. MUNGU MWENYEWE ALIVALISHA WATU

Tusome Mwanzo 3. Adamu na Eva walijishonea majani ya mtini. Haya yao iliwafundisha kujificha, lakini ufundi wao ulikuwa mdogo. Tazama namna Mungu alivyofanya katika mstari wa 21: hakuwaacha na majani yao, wala hakuwacheka. Aliwatengenezea mavazi ya ngozi, akawavika. Hapo tunajifunza kwamba kumvika mtu ni tendo la mapendo. Mzazi anayesema "vua hiyo" bila kutoa nyingine, amefanya nusu ya kazi tu.

Hana naye alifanya hivyo. Kila mwaka alimshonea Samweli kanzu ndogo na kumpelekea hekaluni. Kwa nini kila mwaka? Kwa sababu mtoto alikuwa anakua. Mara nyingi robe ya binti inaonekana fupi na ya kubana, na watu wanasema ana tabia mbaya, kumbe robe ni ya miaka miwili iliyopita. Alikuwa na miaka 12, leo ana 14. Mwili umekwenda mbele, nguo imebaki nyuma. Kabla ya kumkemea, tupime.

Tena uzuri si zambi. Yule mama mwema wa Mezali 31 alivalisha nyumba yake nguo nyekundu, na yeye mwenyewe alivaa kitani safi na zambarau. Hakuna mahali Biblia inasema heshima ni lazima iwe mbaya ya kutazama.

3. PAULO ALIKATAZA NINI?

Wengi wanashika 1 Timoteo 2:9 kana kwamba ni mstari wa kupima urefu wa jipe. Tusome vizuri. Timoteo alikuwa Efeso, mji wa biashara na utajiri. Vitu ambavyo Paulo anavitaja ni zahabu, lulu, na nguo za bei kali. Anakataza majivuno ya wenye feza katikati ya wandugu maskini. Neno la kiasi linagusa kujifunika, ni kweli. Lakini linagusa pia mfuko.

Tujiulize basi. Mama anayekopa deni ili binti yake avae wax ya Uholanzi, ile ya Vlisco, apate kuonekana kuliko wengine harusini, je, amevaa kwa kiasi, hata kama kitambaa kinafika kwenye visigino? Na Yakobo 2 inatuonya: tukimpa kiti cha mbele mwenye mavazi ya kung'aa na kumsukuma nyuma mwenye nguo chakavu, tumekuwa waamuzi wenye mawazo mabaya. Mwaka 2025 benki za Goma zilifunga milango, na jamaa nyingi zikakosa feza. Binti asiyekuja ibadani kwa sababu hana nguo nzuri, huyo ni zambi yetu sisi, si yake.

4. SHERIA NA FIMBO HAZIKULETA HESHIMA

Wako wanaosema: serikali itoe sheria, jambo litaisha. Zilitolewa. Tanzania, umoja wa vijana wa TANU ulianzisha Operesheni Vijana katika Januari 1969, ukipiga marufuku sketi fupi na mawigi Dar es Salaam. Uganda, Idi Amin alikataza sketi fupi mwaka 1972. Kwetu, wakati wa Zaire, Mobutu alileta mambo ya kurudia asili: wanaume abakosti, wanawake vikwembe, suruali na mawigi marufuku kwa mama. Baada ya hotuba yake ya 24 Aprili 1990 kamba zililegea, na tai na suruali zikarudi mara moja. Ilionekana wazi kwamba wengi walitii kwa woga tu.

Tena mambo yakawa mabaya zaidi. Februari 2014 Uganda ilitia sahihi sheria juu ya mambo machafu. Watu wa barabarani wakaiita sheria ya sketi fupi, wakaanza kushambulia wanawake na kuwavua nguo mbele ya watu. Mwaka 2021 korti ilifuta vifungu vya maana vya sheria ile. Nairobi, Novemba 2014, wanawake waliandamana kwa sababu mwenzao alivuliwa nguo kwenye kituo cha basi. Fikiri, ndugu: watu wanasema wanatetea heshima ya mwanamke, na namna yao ni kumvua nguo! Heshima inayoletwa kwa mikono ya namna hiyo ni uongo mtupu.

5. TAMARI ALIVAA VIZURI

Hapa tunaingia mahali pazito, na tunaomba baba wasome kwa sauti. Katika 2 Samweli 13, Tamari binti Daudi alivaa kanzu ndefu ya heshima, vazi la mabinti wa mfalme ambao hawajaolewa. Ilikuwa nguo ya heshima, na ilikuwa nguo ya kupendeza. Hata hivyo Amnoni alimtendea ubaya kwa nguvu. Biblia haisemi hata neno moja la kumlaumu Tamari. Alikataa, alimwonya, alilia, akaipasua kanzu yake. Kosa lilikuwa la Amnoni. Na Daudi baba yake alikasirika, lakini hatusomi kwamba alimwazibu Amnoni. Ukimya ule uliharibu nyumba nzima.

Hapa Kivu tumeona mambo ya Tamari mara nyingi mno: wakati wa vita, katika kambi za wakimbizi, njiani kwenda kutafuta kuni. Wamama waliofunika mwili toka kichwa mpaka miguu walitendewa ubaya. Kwa hiyo mtu yeyote wa kanisa asimwulize binti aliyeumizwa: "Ulikuwa umevaa nini?" Ulizo hilo linamrudishia mzigo wa mtu mwingine. Ulizo la kwanza ni: "Tukupeleke hospitali?" Na ni haraka, ndani ya masaa 72, kwa maana dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI haifai ikichelewa zaidi ya hapo.

Bwana Yesu naye, katika Matayo 5:28-29, alipozungumza juu ya kumtazama mwanamke kwa tamaa, aliweka kazi juu ya jicho la mwanaume. Wavulana, somo hili ni lenu pia.

Basi kwa nini tunafundisha mavazi ya heshima? Kwa sababu mwili wa binti ni hekalu la Roho Mtakatifu na una bei kubwa. Anajifunika kama vile mtu anavyofunika kitu cha thamani, si kama anayeficha kitu kichafu.

6. MASHAURI YA KAZI

Nguo ya kupendeza inapatikana Goma, hata kwa feza kidogo. Tufuate njia hizi.

(a) Mshauriane kabla ya kununua. Mama aseme mipaka mitatu tu: isibane, isionyeshe mwili, isipande juu ya goti binti akikaa. Ndani ya mipaka hiyo, binti achague rangi na mtindo yeye mwenyewe. Nguo aliyoichagua hataificha kwenye sakoshi.

(b) Chaguwa. Ng'ambo ya mpaka, Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba mwaka 2016, toka dola 0.20 mpaka dola 2.50 kwa kilo. Kwetu balo ziliendelea kufunguliwa. Ndani ya balo mna nguo nzuri kuliko za duka, lakini nyingi zilikatwa kwa watu wa ng'ambo. Usikatae robe kwa sababu ni fupi ao haina mikono. Fundi anaweza kuongeza kipande cha kitenge chini na mikononi. Koti la jini juu ya robe isiyo na mikono linafunika mabega, na mabinti wanalipenda. Shati pana la mwanaume linaweza kugeuzwa blauzi ndefu.

(c) Kitenge. Piesi moja ni yadi 6, karibu mita 5 na nusu, yaani vikwembe 3. Mama na binti wanaweza kugawana piesi moja: mama libaya na kikwembe, binti jipe pana yenye mikunjo, avae na blauzi ya rangi moja. Kiloweshe kitambaa na kukikausha kabla ya kukata, kisije kikaruka baada ya kushonwa. Mwambie fundi aache pindo la vidole vinne chini, na nafasi ubavuni. Mwaka kesho utafungua pindo, kama Hana.

(d) Urefu. Mji wetu ni wa mawe ya volkano na wa pikipiki. Jipe nyembamba inapanda juu binti akikaa nyuma ya motari. Jipe ya kuburuta chini inapasuka kwenye mawe, na inaweza kushikwa na gurudumu, hatari kubwa. Iliyo bora ni pana, inayofika katikati ya muundi, na kolani ndani kwa ajili ya baridi na upepo.

(e) Jaribu la nne. Mbele ya mama ao dada, binti akae, ainame, anyanyue mikono, kisha asimame kwenye mwanga. Ukiingiza mkono ndani ya kitambaa na kuhesabu vidole, inataka jipe ya ndani.

(f) Tabita wa leo. Kule Yopa, Tabita alishona nguo za wajane, na alipokufa walizionyesha wakilia. Kila tawi lina mama mwenye mashini ya kushona. Atenge siku moja kwa mwezi, mabinti wajifunze kupanua, kurefusha na kutia viraka vya kupendeza. Nguo zinazowabana wakubwa zipewe wadogo, kwa siri, bila kutangaza majina.

7. KAZI YA BABA NA YA WAZEE WA KANISA

Baba, ukimwambia binti yako "leo umependeza" akiwa amevaa vizuri, hatatafuta neno hilo kwa mtu wa barabara. Wazee, binti akikosea, asiitwe mbele ya watu. Mama mmoja mwenye busara amvute pembeni, ampe kikwembe cha kujifunga, amkumbatie, na ibada iendelee. Aliyeaibishwa mbele ya kanisa mara nyingi harudi. Aliyefunikwa kwa mapendo atakumbuka mkono uliomfunika.

MAULIZO YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI

1. Binti yetu ana nguo ngapi zinazomtosha leo, si mwaka jana?
2. Katika nyumba yetu, nani anachagua nguo, na nani hasikilizwi?
3. Je, kuna nguo ao zawadi ambayo hatujui ilitoka kwa nani? Tuulize kwa upole, bila fimbo.
4. Daudi alipaswa kufanya nini kwa ajili ya Tamari? Na sisi?
5. Ni binti gani wa jirani aliyeacha kuja ibadani kwa kukosa nguo? Nani atamtembelea juma hili?

Mungu aliyewavika wazazi wetu wa kwanza awavike mabinti wetu heshima na furaha, na atupe sisi mikono ya kutoa. Amina.